SOMO LA KIKUNDI: KLINIKI YA AKILI ISIFE MRADI UKIISHA



Katika vikundi vyetu tumezoea kuchangia vitu vinavyoonekana kwa macho. Tunachangia tanki la maji, tunachangia karo, tunazungusha pesa mpaka kila mama apate sufuria na viti vyake, na mwenzetu akifiwa tunafika na sukari na majani chai. Hiyo ni kazi nzuri na isiachwe. Lakini ziko nyumba kijijini ambazo kikundi huzipita kimya kimya. Kuna kijana amefungiwa chumba cha nyuma. Kuna mama haendi tena kanisani kwa sababu bintiye huanguka kifafa na watu hutazama. Hapo hatuchangi kitu, kwa maana hatujui tuchange nini.

Somo la mwezi huu linahusu mashirika yasiyo ya faida yanayoleta huduma ya afya ya akili karibu na wananchi, na jinsi kikundi kidogo cha kijiji kinavyoweza kuyaunga mkono. Tunaomba lisomwe kwa sauti kwenye mkutano, kisha lijadiliwe. Likiwa refu, lisomwe mara mbili.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ukimwambia mtu wa Nyeri kwamba jirani amepelekwa Mathari, atauliza, ni Mathari gani? Kwetu Mathari ni hospitali ya misheni ya Consolata, pale nje ya mji, ambako wengi wetu tumezaliwa. Mathari ya Nairobi ndiyo hospitali ya akili. Ilianzishwa mwaka wa 1910 wakati wa Waingereza, mahali palipokuwa pametengewa wagonjwa wa ndui, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa karibu tegemeo pekee la nchi nzima kwa ugonjwa huu. Kutoka Nyeri ni kama kilomita 150. Mtu akichanganyikiwa alifungwa kamba, akaitiwa chifu na polisi, akapelekwa huko. Wengine walitibiwa wakapata nafuu, lakini wakirudi nyumbani hapakuwa na dawa ya mwezi wa pili wala mtu wa kuwapokea. Basi wakaugua tena, na kijiji kikasema, “Si mnaona, huyo haponi.”

Siku hizi mambo si kama zamani. Hospitali ya rufaa ya kaunti pale Nyeri inahudumia wagonjwa wa akili, na ziko zahanati ambazo muuguzi aliyesomea akili hufika siku moja kwa mwezi. Lakini mara nyingi ukichunguza utakuta nyuma ya hiyo siku moja kuna shirika. Shirika ndilo linalolipa mafuta ya gari, linanunua dawa zikikosekana, linatembelea nyumba. Na shirika linaendeshwa kwa pesa za mfadhili, na pesa za mfadhili zina mwisho. Miaka mitatu, labda mitano. Mradi ukifungwa, gari halionekani tena. Mgonjwa aliyekuwa amerudi kuchuma kahawa anakosa dawa, na baada ya wiki kadhaa au miezi kadhaa yuko barabarani akiongea peke yake. Hapo ndipo hatari ilipo, na ndiyo sababu tumeandika somo hili.

Jambo hili limejaribiwa hapa hapa kwetu. Mwaka wa 1999 Mwingereza aitwaye Chris Underhill alianzisha shirika la BasicNeeds, na mwaka wa 2005 likaanza kazi Kenya. Miongoni mwa mahali lilipofanya kazi ni Nyeri Kaskazini na Meru Kusini, kama zilivyoitwa wakati huo, yaani upande wetu wa Kieni na Mathira, na upande wa Chuka ambao leo ni Kaunti ya Tharaka Nithi. Hawakujenga hospitali mpya. Walitumia kliniki za serikali zilizokuwepo, wakawapa wauguzi mafunzo. Kisha wakawakusanya wagonjwa na wale wanaowatunza katika vikundi vya kujisaidia, na wakawasaidia kurudi kwenye kazi ya kuleta riziki. Kabla ya yote hayo walifanya kitu ambacho miradi mingi husahau. Waliwaketisha wagonjwa wenyewe na jamaa zao, wakawauliza shida yao ni nini.

Watafiti waliwafuata watu 203 waliokuwa na ugonjwa mkali wa akili au kifafa, wakawapima mwanzo, baada ya miezi 10, na tena baada ya miezi 20. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Hali ya ugonjwa ilikuwa imepungua, maisha yao yamekuwa bora, wanaelewana na watu zaidi, na wengi zaidi walikuwa wakifanya kazi. Ni haki tuseme pia kwamba hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha, kwa hiyo haiwezekani kusema kila badiliko lilitokana na mradi. Hata hivyo sisi tunaoishi na watu hawa tunaona maana yake. Mtu alitibiwa karibu na kwao, akawa na kikundi, akawa na kazi. Vitu vitatu. Kile cha kwanza ni cha muuguzi na daktari. Hivyo viwili vingine viko mikononi mwa kijiji.

Tawi hilo la Kenya baadaye likawa shirika la Wakenya wenyewe, kwa jina la BasicNeeds Basic Rights Kenya. Hatulitaji ili mkaliandikie barua ya kuomba pesa. Tunalitaja kwa sababu linatuonyesha kwamba kikundi cha kujisaidia si pambo la mradi.

Sasa tuingie kwenye mchango wenyewe. Wengi wakisikia neno kuunga mkono, wanafikiri harambee. Siku moja, mgeni wa heshima, kikapu kinajaa, picha inapigwa. Kliniki ya akili haihitaji hivyo sana. Inahitaji kidogo, tena kila mwezi, kwa muda mrefu. Dawa za ugonjwa huu nyingi ni za zamani na si za bei ya juu sana. Kuna klopromazini, ambayo watu wengi wazima wanaijua kama Largactil. Kuna sindano ya flufenazini, ambayo hudungwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kwa kifafa kuna fenobabitoni, na mtu wa kifafa akiiacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa kisichokoma, akafa. (Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wazimu na si pepo, ila kwetu hutibiwa mara nyingi kwenye kliniki hiyo hiyo.) Kinachomfanya mgonjwa akose dawa mara nyingi ni nauli, au ni siku ya kliniki kugongana na siku ya kuchuma majani, au mwenye kumsindikiza hayupo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja anaongeza shilingi 20 kwenye mkutano wa kila wiki. Hiyo ni shilingi 400 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 1,600. Kama nauli ya kwenda na kurudi kliniki ni shilingi 200, mmepata nauli ya watu wanane, yaani wagonjwa wanne na wasindikizaji wao. Kwa pesa ya chai na andazi, watu wanne hawakosi kliniki mwaka mzima. Hakuna mfadhili wa ng'ambo aliyeguswa hapo, na mradi ukiisha nauli haiishi.

Pesa hizo ziwekwe kwenye kitabu chake, zisichanganywe na za mikopo. Msindikizaji apewe nauli siku hiyo, na arudishe habari: mgonjwa ameonwa, dawa imepatikana au haikupatikana, tarehe nyingine ni lini. Kama dawa haikupatikana, iandikwe. Tutaona mbele faida ya kuandika.

Jambo la pili ni katiba ya kikundi. Vikundi vingi vina kifungu kwamba mwanachama akikosa mikutano mitatu bila sababu anafukuzwa, na akichelewa analipa faini. Sasa fikirini mtu anayetumia dawa hizi. Nyingine zinaleta usingizi mzito asubuhi, mikono inatetemeka, mdomo unakauka. Mkimtoza faini kila wiki, mwishowe atachagua moja, aache dawa ama aache kikundi. Tunashauri kifungu hicho kiongezewe maneno machache: ugonjwa wa akili uhesabiwe kama ugonjwa mwingine wowote, na nafasi ya mgonjwa ilindwe mpaka arudi. Katika mengine yote awe mwanachama kamili. Achange, akope, apigiwe kura ya kuwa mweka hazina kama anafaa. Kumbembeleza kama mtoto si kumsaidia, na yeye anajua tofauti.

Kazi pia tusiifanyie mchezo. Kuku watano, mbuzi wa maziwa, kitalu cha miche ya kabichi kwa watu wa Kieni na Naromoru, mambo madogo yanayofuata ratiba, yanamfaa mtu anayepona kuliko biashara kubwa ya kumkosesha usingizi. Tena aulizwe anataka nini. Tumeona watu wakipewa cherehani ambayo hawakuiomba.

Na mtunzaji je? Nyuma ya karibu kila mgonjwa kuna mama, dada au mke ambaye hajapumzika kwa miaka. Kikundi kikiweka zamu, mwanachama mmoja akae pale nyumbani asubuhi moja kwa wiki ili mwenye nyumba aende kahawa au sokoni Karatina, hiyo ni msaada kwa shirika kuliko blanketi. Shirika haliwezi kuajiri mtu wa kazi hiyo.

Tuseme neno juu ya imani, kwa kuwa jarida hili ni la kanisa na tukinyamaza tutakuwa tumewaacha njiani. Katika Injili ya Marko, mlango wa tano, tunasoma habari za mtu wa makaburini aliyekuwa akifungwa minyororo na kuivunja. Bwana alipomponya, watu wa mji walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Mhubiri huishia hapo mara nyingi. Lakini endeleeni kusoma. Watu wa mji walihesabu hasara ya nguruwe, wakamwomba Yesu aondoke kwao. Na yule aliyepona alipotaka kufuatana naye, aliambiwa arudi nyumbani kwa watu wake. Kupona kwake kulikuwa ni kurudi nyumbani, na kule nyumbani ndiko kulikokuwa na watu wanaohesabu nguruwe. Jadilini hilo.

Maombi na dawa haviwezi kugombana, kama vile maombi na sindano ya malaria havigombani. Kwa hiyo tunasema wazi: mahali popote pa maombi panapofunga watu kwa mnyororo, au kuwachapa, au kuwafungisha kwa njaa, au kuwaambia watupe vidonge, pasiungwe mkono na kikundi chetu hata kwa shilingi moja, hata kama mlangoni pana msalaba. Na tafadhali, jina la mgonjwa lisitangazwe pale mbele siku ya Jumapili bila ruhusa yake, hata kwa nia njema ya kumwombea. Kijiji hakisahau jina.

Kabla ya kutoa pesa kwa shirika lolote, ulizeni maswali bila aibu. Shirika zuri halikasiriki. Je, limesajiliwa? Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka wa 2013, ilianza kutumika Mei 2024, na iko mamlaka ya serikali inayoweka orodha ya mashirika hayo. Kama ni idara ya kanisa, ulizeni kanisani. Muuguzi ana leseni ya baraza la wauguzi? Dawa zinatoka wapi? Pesa zinaingia kwenye akaunti ya shirika, ama kwenye simu ya mtu? Hapo msilegeze, pesa ya kikundi isitumwe kwa namba ya mtu binafsi hata awe mpole namna gani, na risiti itolewe. Halafu ulizeni lile swali kubwa: mradi ukiisha, nani atabaki na wagonjwa na faili zao? Kama jibu ni “tutaona,” mjue kazi yenu imeanza.

Maana mwenye jukumu la mwisho si shirika wala kikundi. Ni serikali. Mwaka wa 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi afya ya akili ilivyopuuzwa nchini. Ilikadiria kwamba hadi wagonjwa 25 katika kila 100 wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi 40 katika kila 100 waliolazwa, wana shida ya akili ya namna fulani. Mwaka wa 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza jambo hili litangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa, na sasa serikali za kaunti zina wajibu wa kutoa matibabu haya katika vituo vyao. Sheria iko. Swali ni kama dawa iko kwenye rafu ya zahanati yenu.

Na hapa ndipo lile daftari la msindikizaji linafanya kazi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya kupitishwa wananchi huitwa kutoa maoni. Wengi wetu huenda kule kuomba barabara na stima. Kikundi kikisimama na daftari na kusema, “Kati ya kliniki 12 za mwaka uliopita, mara 5 hapakuwa na dawa ya kifafa,” hilo ni neno lenye uzito kuliko malalamiko. Nakala wapewe kamati ya zahanati na mwakilishi wa wadi. Shirika lenyewe mara nyingi haliwezi kusema kwa ukali, kwa sababu linafanya kazi ndani ya zahanati ya serikali. Ninyi mnaweza. Huu ni msaada ambao hautoki mfukoni.

Mengine tuyapitie haraka. Wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita CHP waliopewa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023, washirikishwe, kwa kuwa wanaingia nyumba zote. Kikundi kisichosajiliwa kiende kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Jamaa za wagonjwa waandikishwe SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa sisi tusio na mshahara hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima, yaani 3,600. Familia iliyouza mbuzi wote kwa ugonjwa haina pesa hiyo kwa mkupuo, lakini kikundi kinaweza kuikopesha bila riba. Pombe nayo tutaiandikia somo lake, maana katika wilaya hizi za Mlima Kenya ni mlima mwingine.

Lakini moja halipitiwi haraka. Mtu akisema amechoka na maisha, au anataka kujiua, msimkemee na msimwache peke yake. Kaeni naye, mwondoleeni karibu dawa za shamba na kamba, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Zamani familia nyingi zilificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Waambieni watu. Kuna anayejificha mpaka leo kwa kuwa hajasikia habari hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Bila kutaja majina, ni nyumba ngapi kijijini kwetu zina mtu wa kutumia dawa hizi, na kliniki iliyo karibu ni ipi, siku gani? (Kama hakuna anayejua siku, mtu mmoja atumwe zahanati wiki hii.)

Katiba yetu inasema nini juu ya mwanachama aliyekosa mikutano kwa ugonjwa? Isomwe hapa hapa.

Shilingi 20 kwa wiki tunaiweza? Kama haiwezekani, 10 je? Nani atashika kitabu, na nani atakikagua?

Kwa nini watu wa mji ule walimwomba Yesu aondoke? Sisi nguruwe wetu ni nini?

Majibu ya swali la kwanza na la tatu tungependa kuyapata kwa maandishi kupitia kwa katibu wa parokia kabla ya toleo lijalo, ili tujue ni vikundi vingapi vimeanza mfuko wa nauli na ni zahanati zipi zinazokosa dawa.